Banda la Uani: Toka Tembe za Unyanyembe Hadi Mita za Luku

Katika mazungumzo yetu ya wiki hii nataka tupite moja kwa moja barazani, tuvuke ukumbi, tufungue ule mlango wa nyuma na kuingia uani. Najua wapo watakaoguna. Watasema nchi ina mambo mazito, na mtangazaji huyu anatuletea habari za vibanda! Lakini naomba mnivumilie. Katika miji yetu ya zamani, Tabora ikiwa mmojawapo, sehemu kubwa ya watu hawaishi katika nyumba ile inayoonekana barabarani. Wanaishi nyuma yake, katika vyumba viwili vitatu vilivyojengwa kuambaa ukuta, karibu na jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Ndilo banda la uani. Na kila serikali iliyopata kututawala, tangu Mjerumani, imekuwa na neno la kusema juu ya banda hilo.

Ili tuelewane hatuna budi kurudi nyuma, na nitaanzia Tura. Siku hizi Tura ni kata katika Wilaya ya Uyui, na abiria wa Reli ya Kati huijua kama kituo kimojawapo kabla ya kufika Tabora. Zamani ilikuwa na maana kubwa zaidi. Msafara uliotoka Bagamoyo ulikuwa umekwisha kuipita Ugogo, ambako watemi walidai hongo, ukaingia Mgunda Mkali, pori kavu lenye maji ya kubahatisha. Tura ndiyo iliyokuwa lango la kutokea porini na kuingia Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton alipita hapo mwaka 1857, akaandika kwamba jina lenyewe maana yake ni kutua, yaani tua mzigo. Anayesikia Kinyamwezi hatashangaa.

Sasa jiulize: wapagazi mamia kadhaa wametua mizigo, usiku huu watalala wapi? Hapakuwa na nyumba ya wageni. Walilala kambini, au walilala katika tembe za wenyeji. Tembe ni nyumba ndefu ya mstatili, ukuta wa miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo, nayo huzunguka ua uliobaki katikati. Ng'ombe ndani, watu ndani, wageni ndani. Kulikuwa pia na iwanza, nyumba ya watu wote kijijini, ambamo wanaume walikaa kuzungumza na mgeni alipata mahali pa kujinyoosha. Kwa maneno mengine, kumweka mtu asiye wa ukoo wako katika sehemu ya kaya yako lilikuwa jambo la kawaida kabisa katika nchi hii, na mji wa Tabora ulikua juu ya desturi hiyo.

Waarabu na watu wa pwani waliposhika makazi Unyanyembe, mwanzoni mwa miaka ya 1850, hawakuleta nyumba za ghorofa za mawe kama za Unguja. Walijenga tembe. Waliikuza, wakaiongezea baraza mbele ya kupokea wageni, na nyuma wakapanga vyumba vya ghala, vya jiko, vya watumwa, vya wapagazi na vya jamaa waliopita. Burton na mwenzake Speke walipokelewa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na Snay bin Amir, mfanyabiashara ambaye ukarimu wake umeandikwa vizuri. Mwaka 1871 Stanley alikaa katika tembe ya Kwihara, nje kidogo ya mji, akiwa na ghala ya mali yake, jiko na vyumba vya askari wake, vyote ndani ya ukuta mmoja. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa hapo hapo, toka Februari hadi Agosti, akingoja wapagazi. Tembe hiyo ilijengwa upya katika miaka ya 1950 na sasa ni makumbusho. Mtu akienda kuitazama, asiangalie tu chumba alicholala Mzungu. Aangalie na ua.

Nimerefusha habari za tembe kwa makusudi. Wataalamu wetu wa mipango miji wamezoea kusema kwamba banda la uani ni matokeo ya watu kukimbilia mjini, ni msongamano, ni ujenzi holela. Mimi nasema hapana. Banda la uani ni la zamani kuliko mji wenyewe. Kilichokuja baadaye ni sheria.

Wajerumani walimshinda Mtemi Isike Januari 1893, na Tabora ikawa na boma. Reli ilifika mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka hiyo Tabora ilihesabiwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya koloni lote. Mjerumani alileta mambo mawili yanayotuhusu leo. La kwanza ni kodi. Kwa amri ya mwaka 1897 kila kibanda kilitozwa, na kiwango cha kawaida vijijini kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kilichohesabiwa kilikuwa paa, si mtu. Sasa mwenye akili atafanya nini, kama kila paa linalipiwa? Atajenga mapaa machache na kujaza watu wengi chini yake. Waingereza walipokuja waliliona hilo, na sheria yao ya kodi ya 1922 ikaunganisha kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na nyumba yake, aliyejibanza katika chumba cha mjomba wake, asiponyoke.

La pili ni masharti ya ujenzi. Dar es Salaam ilipata amri yake ya ujenzi mwaka 1891, na kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuugawa mji huo sehemu tatu kwa aina ya nyumba: huku nyumba za Kizungu, huku za biashara, kule za wenyeji. Vita ikawakatiza. Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 19, 1916, nao wakakaa hadi 1917 walipomkabidhi Mwingereza.

Hapa pana ujanja ambao napenda msomaji auone vizuri. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na Mwingereza hakuweza kuandika waziwazi katika sheria kwamba Mhindi asikae hapa na Mwafrika asikae pale. Basi kanuni za miji za miaka ya 1920 hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja rangi ya nyumba, kama naruhusiwa kusema hivyo. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kukaa za namna ya Kizungu. Kanda ya pili ilikuwa ya maduka na makazi. Kanda ya tatu ilikuwa ya nyumba za namna ya wenyeji. Nyumba ya udongo na makuti haikuruhusiwa kanda ya kwanza, na asiye na fedha za saruji na vigae akajikuta kanda ya tatu bila hata kuambiwa kwa nini. Ndiyo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunazozitaja hadi leo, bila kukumbuka kwamba mipaka yake ilichorwa kwa wino wa masharti ya ujenzi.

Je, banda la uani lilikuwa na nafasi gani katika mpango huo? Inategemea kanda. Uzunguni banda liliruhusiwa, tena lilijengwa na serikali yenyewe. Jina lake lilikuwa kota ya boi. Kila bangalo la bwana mkubwa lilikuwa na chumba kimoja au viwili huko nyuma, mbali kidogo, chenye mlango usioelekea nyumba kubwa. Aliyekaa humo alikuwa mpishi, yaya au mtunza bustani. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki alikaa kwa sharti: ukiacha kazi unaacha na chumba, na jamaa zako wa shamba wasihamie. Kwa hiyo sheria haikuwa na ugomvi na watu kulala uani. Ilitaka tu wawe wale wanaohitajika asubuhi kuwasha moto.

Uswahilini ilikuwa hadithi nyingine. Huko ndiko ilikokomaa nyumba ambayo sote tunaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, baraza mbele, ua nyuma. Wageni wanaoiandikia vitabu huiita nyumba ya Kiswahili. Mtu akitoka Kigoma mpaka Tanga ataikuta karibu vile vile. Pale Ng'ambo, Gongoni, Kanyenye na Isevya, nyumba za zamani ni za aina hiyo, na ua wake ni tembe iliyokatwa vipande. Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, akapangisha vilivyobaki, na fedha ya kodi ilipotosha akanunua miti na mabati akaongeza vyumba uani. Serikali ilitazama pembeni, kwa sababu haikuwa na nyumba za kuwapa wafanyakazi wa reli, wa karakana na wa soko. Kota za reli hazikuwatosha wote. Lakini haikumpa mwenye nyumba yule usalama. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1923 ardhi yote ilikuwa chini ya Gavana, na hati ndefu ilitaka nyumba ya kudumu. Nyumba ya udongo ilipata ruhusa ya muda. Ukitaka hati jenga kwa saruji, ukitaka mkopo wa saruji lete hati. Mduara huo babu zetu waliuzunguka mpaka wakachoka.

Mwaka 1956 ikaja Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji, iliyonakiliwa kwa sehemu kubwa kutoka Uingereza ya baada ya vita. Picha iliyokuwa kichwani mwa waandishi wake ni kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja ya baba, mama na watoto, na bustani. Nadhani hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaandika juu ya nchi nyingine. Ajabu ni kwamba sheria hiyo ilidumu nchini miaka zaidi ya 40 baada ya Uhuru, mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007.

Baada ya Uhuru uani uliingia katika siasa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, na kazi yake ya awali ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali. Kwa kila nyumba mpya iliyosimama, moja ya zamani ilikuwa imeanguka, kwa hiyo idadi haikuongezeka sana, na mpango ukaachwa. Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967. Miongoni mwa masharti ya uongozi lilikuwamo hili: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971, Aprili, serikali ikayataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi Shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Maduka na ghorofa za Uhindini katika miji yetu zikabadilika mikono.

Lakini nani aligusa banda la uani? Hakuna. Thamani yake haikukaribia hata robo ya kiwango hicho. Nalo lile sharti la uongozi, wazee waliokuwapo wanasimulia kwa kicheko jinsi lilivyozungukwa, kwa maana vyumba vya uani vilikuwa vya mke, au vya shangazi, au vya "jamaa tu wanakaa, hawalipi". Kupangisha kulikwisha kuonekana kama unyonyaji, na hapo hapo mfanyakazi aliyehamishiwa Tabora leo alihitaji pa kulala leo. Siasa ilikaa barazani, kodi ikapokelewa uani. Masharti hayo ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Serikali ya miaka ya 1970 ilifanya jambo moja la busara ambalo halisifiwi inavyostahili. Iliacha kubomoa, ikaanza mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu alipewa kiwanja kilichopimwa, barabara na maji, akajijengea mwenyewe kidogo kidogo. Awamu ya pili ya mradi huo, iliyoanza 1977, iliifikia pia Tabora. Benki ya Nyumba ikatoa mikopo, ingawa benki yenyewe ilikufa 1995. Katika viwanja vile watu wengi walianza wapi kujenga? Uani! Walijenga banda kwanza, wakahamia humo, kisha wakaangalia nyumba kubwa itakavyopanda mwaka hadi mwaka. Hata sasa ndivyo anavyojenga Mtanzania wa kipato cha kawaida.

Mimi nilikulia Tabora katika nyumba ya namna hiyo. Mbele tulikuwa sisi, uani walikuwa wapangaji watatu: mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, na kijana wa Chuo cha Nyuki ambaye alileta asali kila aliporudi kutoka mafunzo ya porini. Mwaka ambao baba alipunguzwa kazini, katika lile wimbi la kupunguza watumishi la miaka ya 1990, kodi ya vyumba vile vitatu ndiyo iliyotulisha na kutununulia madaftari. Sikujua wakati ule kwamba nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa katika hali hiyo hiyo. Mshahara ulipokatika, uani ulibeba.

Sasa tutazame mambo yalivyo leo. Sheria ya 2007 inasema hakuna kuendeleza ardhi ya mjini bila kibali cha mamlaka ya mipango. Kwa hiyo chumba kimoja cha uani, cha matofali ya kuchoma na mabati sita, kwa karatasi kinahitaji ombi, mchoro, ada na ukaguzi. Kwa vitendo wengi hujenga Jumamosi na Jumapili, maofisa wakiwa mapumzikoni. Nao viwango vya viwanja vimekuwa vikipanda na kushuka. Mwaka 1997 kiwanja cha eneo la watu wengi kilipangiwa mita za mraba 400 hadi 800. Baadaye kima cha chini kilipunguzwa, kwa kuwa ardhi ilikuwa inakwisha. Lakini nyumba ya zamani ya Gongoni haikungoja kiwango chochote. Ilikuwapo.

Matokeo yake ni kwamba banda la uani linaishi katika hali ya kuwapo na kutokuwapo. Likiwa halina mgogoro, hakuna anayeliona. Siku barabara inapanuliwa, au jirani anaposhitaki, au mwekezaji anapoitaka kona ile, ghafula linaonekana, na alama ya X kwa rangi nyekundu inapigwa ukutani.

Mama mmoja msikilizaji wetu, mjane wa mji mmoja ulio kando ya Reli ya Kati, aliniandikia juu ya alama hiyo. Nyumba ya mbele iko mikononi mwa watoto wa marehemu mumewe. Yeye amebaki na vyumba vinne vya uani, anakaa kimoja, anapangisha vitatu. Ameambiwa havina kibali. Anauliza, vikivunjwa yeye ni nani katika kiwanja kile?

Swali lake ni zito kuliko anavyodhani. Tangazo la Sheria za Mila la 1963, ambalo mahakama zetu zimelitumia kwa makabila mengi ya bara, halimpi mjane sehemu katika mirathi ya mume aliyeacha jamaa. Sehemu yake, linasema, ni kutunzwa na wanawe. Kwa Mwislamu, mjane wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni yake, moja ya nane, na moja ya nane ya nyumba ya vyumba sita ni kitu gani kama si kona ya chumba? Ndiyo maana katika miji yetu wazee wa ukoo waliokaa mkekani kugawa mirathi walizoea kusema: watoto wachukue mbele, mama akae uani. Hapakuandikwa karatasi. Uani umekuwa ndio mirathi ya wanawake, na sheria ya ujenzi inapolivunja banda inavunja na ule mgawo, bila ofisa aliyeshika brashi ya rangi kujua alichokifanya.

Nilimjibu hivi. Kwanza adai barua inayotaja kanuni gani imevunjwa, maana "halina kibali" si sawa na "ni la hatari". Pili akusanye kila alichonacho: stakabadhi za kodi ya jengo, barua ya serikali ya mtaa, majina ya waliokuwapo siku ya kugawa mirathi. Tatu, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo kwa ajili ya migogoro ya namna hii, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu asiye na uwezo kusaidiwa bure. Kesi yake bado.

Lakini nisiwaonee wataalamu wa afya na zimamoto, maana nao wana hoja. Ninakifahamu kiwanja kimoja ambacho vyumba vya uani vimefika kumi na kimoja, choo kimoja cha shimo, na hatua chache kutoka choo hicho kuna kisima. Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajaletwa Tabora miaka ya karibuni, visima vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa tegemeo la wengi, na kipindupindu hakiulizi kama una kibali. Pia kuna uchochoro. Ukiwaka moto nyuma, na njia ya kutokea ni ukumbi wa nyumba ya mbele tu, watu watafia ndani. Kwa mambo haya sheria iwe kali, na mimi nitaiunga mkono hadharani. Ninachokataa ni sheria inayopima mita za kiwanja, ikahesabu milango, halafu isiulize choo kiko wapi.

Wenzetu wamefika wapi? Nairobi ilijengewa mtaa wa Buruburu katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, nyumba nzuri za watu wa kipato cha kati, kila moja na familia yake. Leo ukipita utakuta wenye nyumba wameongeza vyumba vya kupangisha mbele, nyuma na juu. Kanuni zilikataza mengi ya hayo, ujenzi ukaendelea. Na kule California, Marekani, ambako kwa miaka mingi miji ilikataza kabisa nyumba ya pili katika kiwanja cha familia moja, upungufu wa nyumba uliwabana mpaka jimbo likapitisha sheria, zilizoanza kutumika Januari 1, 2017, za kuilazimisha miji iruhusu nyumba ndogo uani, na baadaye wakalegeza zaidi. Tajiri wa dunia amekwenda, amezunguka, amerudi kwenye banda la uani. Wao wanalipa wasanifu kulichora. Bibi yangu alilichora kwa kijiti mchangani.

Kwetu kuna sheria moja inayoonyesha kwamba tukitaka tunaweza. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, ili mtu aweze kuwa na hati ya fleti yake ghorofa ya tano bila kumiliki jengo zima. Yaani mtaalamu amekubali kwamba katika kiwanja kimoja wanaweza kuwapo wenye mali wengi. Lakini waliofaidi ni wa ghorofani. Mjane wa vyumba vinne chini hakufikiriwa. Hata ule mpango mkubwa wa urasimishaji wa makazi ulioanza 2013 ulipima mipaka ya viwanja na kutoa hati kwa jina la mwenye kiwanja, na aliyekuwa uani kwa makubaliano ya mkekani akabaki kama alivyokuwa.

Tabora inakua. Sensa ya 2012 ilihesabu katika manispaa watu karibu 227,000, na ile ya 2022 ikakuta wamezidi laki tatu. Watu hawa hawakuhamia katika ghorofa. Wengi wamehamia nyuma ya nyumba za wenzao, na vyuo vikizidi kupokea wanafunzi, na reli ya kisasa ikija na wafanyakazi wake, vyumba vitaongezwa zaidi, iwe kwa kibali au usiku.

Na serikali inavijua vyumba hivyo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa katika umeme wa luku, kwanza Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Mjerumani alihesabu mapaa, sisi tunahesabu mita. Penye mita ya uani, mwenye nyumba asipokwenda kuomba iondolewe katika hesabu, banda ambalo ramani ya mji haina linalipa kodi kama jengo. Na mara nyingi anayenunua umeme, kwa hiyo anayelipa kodi hiyo, ni mpangaji wa chumba kile cha mwisho karibu na choo.